Friji Lako Bado Linatetemeka

Mpendwa mama,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana huko ulikolala posta haifiki.

Nianze kwa kujisifu, usije ukadhani barua hii kaandika mtu mwingine. Mama, Kariakoo nzima hakuna mwenye bahati kama mwanao. Juzi nimekwenda kupimwa, daktari kakodoa macho: damu safi kama maji ya kisima! Ule ugonjwa wa sukari uliokumaliza wewe, mimi umenipita kama gari la taka linavyoupita mtaa wetu.

Friji lako lipo. Unakumbuka siku lilipokuja? Jirani yetu Mhindi alifunga duka la vitambaa, akahama, akaniuzia. Tukalileta kwa mkokoteni, mimi nimetangulia mbele, "Pisha! Pisha!", utadhani nasindikiza bibi harusi. Nyumba nzima ya vyumba sita ikatoka kulitazama. Wewe ndiyo kwanza umefika kutoka Lindi kutibiwa. Ukaliwekea mkono ubavuni, ukashtuka.

"Baba, kitu chako kinatetemeka. Kina homa."

"Mama, ndivyo linavyofanya kazi."

"Hakuna kinachotetemeka kwa raha."

Ukavua khanga yako ya juu ukalifunika gubigubi. Mimi niliyefika Bujumbura kwa lori, mwenye darasa la nne kamili, nilicheka hadi nikakaa chini. Fundi alipokuja akasema limefunikwa mgongo, halipumui. Ukamjibu, "Basi nitalifunika kichwa tu. Hata mgonjwa hufungwa kilemba."

Daktari akakupa masharti: sukari marufuku, wali kidogo, mboga na samaki kwa wingi. Njia nzima ulinung'unika. "Chai bila sukari si ndiyo maji ya kusuuzia vikombe?"

Lakini balozi wetu wa nyumba kumi alipogawa sukari, nawe ulikuwa kwenye foleni, umejitanda. Nikakuvuta pembeni. "Mama, hiyo ya nini?"

"Mgao wangu ni mgao wangu. Niache."

Ukavuka ukumbi nayo hadi kwa Mama Chausiku, anayelima mchicha bonde la Msimbazi. "Nipe majani, mwanangu, nikupe utamu." Tangu siku hiyo watu wanalilia sukari mjini kote, sisi friji linapasuka kwa mchicha, bamia na nyanya chungu. Chini nalaza samaki, changu niliyemfuata soko la Feri asubuhi. Na ming'oko, ile mizizi ya porini kwetu Lindi, ikija kutoka nyumbani unaitengea rafu yake: "Usiwalaze wageni na samaki." Daktari alikuruhusu vipande viwili. Ulivitafuna taratibu, umefumba macho, kama unatembea kwenye pori la kwenu.

Mimi pembeni nagugumia soda na kashata mkononi. Hukunigombeza. Ulinitazama tu, ukasema, "Baba, mwili huo nilikupa mimi. Ule kama unaulinda."

Nikajipiga kifua. "Huu chuma cha reli, mama!"

Ukatabasamu. Ukaniwekea bamia.

Sasa masika yamepita bila wewe. Khanga yako bado iko juu ya friji, kichwani tu, kama ulivyokubaliana na fundi. Likianza kutetemeka nalipapasa ubavu na kuliambia pole. Ndani hamna tofauti: mchicha, bamia, changu. Soda sijaweka. Nafungua mlango na hewa ile ya baridi inanijia usoni, nasimama hapo hadi Mama Chausiku anapiga kelele, "We Hamisi, funga, unapoza Dar es Salaam nzima!"

Sukari ikigawiwa, mgao wangu nampelekea yeye. Jana kaninyooshea kidole. "Mwanamume na misuli yote hiyo, chai kavu? Una nini wewe?"

"Namkumbuka mama."

Kaniongezea fungu la mchicha, akageuka kufuta macho kwa ncha ya khanga.

Lala salama, mama. Vipande vyangu vya ming'oko ni viwili sasa, nami nafumba macho. Nakula kama naulinda, ingawa nimechelewa kidogo kukusikia.

Ile damu safi niliyojisifia ni uongo. Sukari ninayo.

Kitinda mimba wako,
Hamisi