Tangawizi ya Baba-Mukwe

Mujukuu wangu Mireille,

Jambo toka Hewa Bora. Tuko bote salama, ni jogoo ya jirani tu njo inakohoa. Unauliza kama chai ya tangawizi inaponyesha kikohozi kweli.

Nilikuwa nimeolewa mupya. Baba-mukwe akatoka Pweto na kikohozi. Nikatwanga tangawizi sahani nzima, nikachemsha. Kwetu, muke haangaliake baba-mukwe mu macho, na yeye hawezi kukatala kikombe ya muke wa mutoto wake. Nikapiga magoti, macho chini. Kikombe ikaisha, nikajaza. Ikaisha tena, nikajaza. Nilisikia anavuta makamasi, nikawaza anafurahi. Bwana yangu akaingia, akaona uso ya baba yake imejaa machozi: "Weye, utaua papa!"

Tangu ile siku hakukohoa tena mu nyumba yetu. Kama ni dawa ao ni woga, sijui. Weye, chemsha bipande bitatu tu, weka asali, na muntu akikunywa, umuangalie usoni.

Kambo yako