Oya Si Oyee

Mjukuu wangu Neema,

Tangu Pasaka, alipokuja mpishi mpya kutoka Tanga, tumepoteza ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Vinginevyo hatujambo, wazee kumi na wanne hapa makao ya Kasulu, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeuliza kwa nini sijamshitaki mpishi kwa wakubwa. Kila siku huuliza, "Wazee wangu, niongeze wali?" Wenzangu wanajibu kwa Kiha, "Oya!", yaani hapana. Kumbe yeye anasikia "Oyee!" na kuongeza upawa wa pili.

Nilicheka mpaka machozi. Nilipoolewa huku kutoka Tabora, mama mkwe alisema "Oya" mara tatu, nami nikampakulia mara tatu. Alikula vyote, kisha akanivuta jikoni: "Njoo ujifunze ugali, mwanangu, usije ukaniua kwa ukarimu." Ugali huohuo ndio ulionijengea mgahawa.

Nimemweleza mpishi, akashika kichwa. Jumapili namfundisha. Unga upo, mawese hakuna. Utaleta dumu moja kutoka huko Kigoma, au huleti? Nijibu kabla ya Ijumaa adhuhuri, na usithubutu kuniandikia "oya".

Bibi yako