Chupa Iliyofungwa Kwenye Leso ya Mama

Mpendwa Dada Hasifa, nisaidie kabla ya Jumapili, maana mimi mtu mzima mwenye kipara na kitambi, mwalimu wa kemia chuo kikuu, nimeshindwa na chupa isiyozidi kidole gumba. Miaka mingi nimehangaika na mzizi ambao wazee wa Kitswamba huuchemsha kwa malaria, nikitaka kukiunda kiini chake maabara ili miti iache kuchimbuliwa, na vipande viwili vya mwisho vya kiini hicho vikakataa kabisa kuungana hadi wenzangu wakaniita bwana harusi wa kudumu, ndipo juzi nikatia chembe ya shaba, ambayo kazi yake ni ya mshenga, huwaunganisha wawili kisha hutoka kama ilivyoingia (washenga wetu hutoka wameshiba), na vikashikana! Tukapima: vijidudu vya malaria vikafa kisahani kizima, nami nikacheza mpaka miwani ikaanguka. Kosa langu ni kuutia unga tulioupata kwenye chupa na kumpelekea mama hapa Bwera auone kwa macho yake. Akapiga vigelegele, akaifunga chupa kwenye pindo la leso, akatangaza hadi soko la Mpondwe kwamba Jumapili ni ibada ya shukrani na kila mgonjwa atapata kijiko. Mbuzi ameshanunuliwa. Gracien, wakala wa mizigo mpakani, amenisimamisha barabarani: "Dokteri, bagonjwa beko mingi kule kwetu, unipatie hata chupa moja!" Nikimwambia mama kwamba haijajaribiwa hata kwa panya, anacheka: "Yafesi, weye iko mwoga tangu mutoto. Hii kitu imeua malaria ama haikuua?" Imeua, lakini hata sabuni ya kufulia ingeua. Nikisema kanisani nitamwaibisha mbele ya akina mama wenzake, nikinyamaza mtu atakunywa, na mtoto wa kiume hafungui leso ya mama yake. Nifanyeje?

Yafesi, Bwera

Yafesi, kwanza pokea vigelegele vyangu. Nimevipiga hapa ofisini mpaka askari wa getini amekuja mbio. Hongera sana!

Sasa nikugombeze. Msomi mzima unampa mama unga kwenye chupa ya dawa, halafu unashangaa akiuita dawa? Na panya anamhusu nini? Ongea naye kwa kitu anachokijua. Huyo mama ameloweka muhogo mchungu maisha yake yote ili sumu itoke. Leo hii, mkiwa wawili jikoni, mwambie: "Mama, huu ni muhogo mchungu, nimevuna, lakini bado haujalowekwa." Kisha nyamaza. Leso ataifungua mwenyewe, maana hakuna mama wa Bwera anayempakulia mgeni muhogo mchungu. Chupa irudi maabara siku hiyohiyo, ifungiwe, na usiitembeze tena.

Ibada usiifute, ole wako! Mama asimame mbele aseme mwenyewe: mwanangu amevuna, kuloweka kunaendelea, mwenye homa aende kituo cha afya akapimwe. Likitoka kinywani mwake si aibu, ni shangwe. Kisha wewe simama ucheze, umeshinda kweli. Miwani mwachie mama akushikie.

Na Gracien umwalike. Akidai alifuata kijiko, mpe sahani: mbuzi yeye alishajaribiwa kwa binadamu zamani.