Maneno Ishirini ya Salma

Mke mwenzangu Salma,

Miezi miwili hujatia mguu hapa Al Baraha, Dubai. Sharjah hapo jirani ndiyo imekuwa Ulaya? Unajifanya una mitihani. Mitihani inakataza mtu kula kwa bibi yake? Mimi shule sikusoma, kwa hiyo nasema na anayeandika ni Achieng, jirani yetu Mkenya. Nimemkataza kunilainishia maneno.

Najua kilichokukimbiza. Ni ile Ijumaa ya somo lako la saikolojia. Ulitaka majirani kumi uwasomee maneno ishirini, kisha uone kila mmoja amekumbuka mangapi. Jana yake ulijizoeza mbele yangu mara nne, mimi nachambua mchele: ndoo, paka, kofia, daraja. Yote yakaniingia. Basi siku yenyewe wewe uko sebuleni unaita mmoja mmoja, mimi niko jikoni nawafundisha wanaongoja.

Achieng aliyataja yote, mdomo umejaa sambusa. Ukaandika huku unatabasamu. Akaja Musa, yule Mganda mlinzi wa jengo, akataja ishirini, kisha akaongeza, "Na funga friji."

"Funga friji umeitoa wapi?"

"Kwa bibi, madam."

Achieng anacheka hapa mpaka kalamu imemtoka.

Wewe hukucheka. "Bibi, umeniharibia," ukakusanya karatasi zako ukaenda. Hukuniuliza kwa nini, nawe ndiye unayesomea akili za watu.

Basi sikia. Nilipofika Dubai, kila nilikoingia nilipewa karatasi nijaze, na nikikaa kimya watu wananitazama. Nilizijua sakafu za ofisi zote za mji huu kwa kuinamisha uso. Nikaapa mgeni wangu hatakaa kimya mbele ya karatasi nyumbani kwangu. Sikujua kwamba kule kusahau kwao ndiko ulikokuwa unakutaka. Juzi tu Achieng amenieleza.

Sasa baba yako ananiambia unataka kuliacha somo, eti mwalimu kasema uanze upya nawe huna watu. Nani kasema huna watu? Nisamehe, mwanangu. Neno hilo silitoi ovyo, lishike. Lakini somo usiliache kwa sababu yangu. Ulikuwa na miaka sita ulipoingia jikoni ukanikuta nakatakata vitunguu, ukasema, "Bibi, hivyo si vitunguu, unamlilia babu." Ukanipa nusu ya biskuti yako, ukakaa chini karibu na miguu yangu mpaka nikamaliza. Watu wazima wote waliokuwa nyumbani siku ile waliona vitunguu tu.

Njoo Ijumaa hii baada ya swala. Nimekutafutia watu kumi wapya, mafundi wa magari wa Ras Al Khor na wake zao, na hakuna aliyeambiwa kitu. Njoo na maneno mengine, usiyasome mbele yangu. Ukishafika nifungie chumbani, ufunguo ukae kwako mpaka mtu wa mwisho amalize kusahau.

Bibi yako