Kaburi Langu la Kamachumu

Jinja, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Wilbert,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma: anayekuandikia ni Joackim, kaka yako, yule mliyemzika.

Novemba 1978 boti yetu ilitekwa ikitoka Kemondo na unga wa jeshi. Nilikuwa baharia tu, lakini kwa sababu ya unga ule askari wa Uganda walinihesabu mwanajeshi. Nilikaa mateka miezi mitano. Kila Jumatatu waliniletea karatasi nikiri kwamba mimi ni mpelelezi. Kila Jumatatu nilikataa, na meno yangu ya mbele yalibaki huko. Ndaki, mpishi wetu wa botini, alitoroka Januari. Nilimpa shati langu awaletee. Sikumsikia tena, nikaamini alifia njiani.

Nilipofunguliwa nilifika hadi Kemondo. Mama mmoja muuza ndizi akaniambia nimeshazikwa, mgomba badala ya mwili, na Klaudia, mchumba wangu, ameolewa nawe. Niligeuka na boti ile ile iliyonileta, nikarudi Uganda. Sikukulaumu, niliamini mlinililia kwa haki.

Sasa nasikia Klaudia amefariki. Nataka kufia kwenye kibanja cha baba, kati ya migomba yake. Desturi unaijua: aliyezikwa akiwa hai haingii kwao mpaka aliyemzika afukue kwa mkono wake, mbele ya majirani. Nakuomba ufukue.

Kaka yako,
Joackim

Kamachumu, 3 Machi 2024

Waitu kaka Joackim!

Shikamoo. Huku hatujambo, mvua zimeanza. Nimesoma barua yako mara nne, nikajifungia ndani nikalia. Pole kwa yote, kaka.

Ila kaburi lako sasa lina vigae, na wajukuu huliwashia mishumaa. Njoo kwanza Bukoba, nikutafutie chumba Miembeni, tuzungumze taratibu. Hatukuzika ovyo. Ndaki alileta shati. Shati limerudi, wewe hujarudi, ungefikiri nini? Tuliuvika mgomba shati hilo, tukauzika kwa heshima zote.

Mdogo wako,
Wilbert

Jinja, 17 Machi 2024

Wilbert,

Natumaini mvua haijaangusha maua ya kahawa. Kumbe Ndaki alifika! Miaka arobaini na mitano nimemwombea kama marehemu.

Ndani ya kola ya shati lile niliandika: “Klaudia, mimi ni mzima. Nisubiri.” Niliandika kwa kalamu waliyonipa nitie saini uongo wao. Ndaki nilimkaririsha maneno hayo hadi akayashika kama sala. Usiniambie habari za heshima zote. Nijibu hili tu: Klaudia aliyaona?

Kaka yako, bado,
Joackim

Kamachumu, 26 Mei 2024

Shikamoo kaka. Unisamehe kwa kuchelewa. Kila nikianza kuandika nachana.

Hakuyaona. Ndaki alinikuta shambani peke yangu. Nilimpa ndizi na maharage, nikamwambia ujumbe nitaufikisha mwenyewe, nikamsindikiza hadi barabarani. Kisha nikaikunja kola kwa ndani, nikaishona. Nilimpenda Klaudia kabla yako, ila baba alimposa kwa ajili yako. Hata nyumbani kwangu alikulilia wewe.

Nimefukua. Nilifukua Alhamisi, watu wakiwa gulioni, nikawaambia wajukuu vigae vimepasuka. Njia iko wazi. Njoo. Tutasema ulipoteza kumbukumbu vitani, nawe utaitikia tu. Tusiwaumize watoto.

Mdogo wako,
Wilbert

Jinja, 2 Juni 2024

Wilbert,

Leo sina salamu.

Wale askari walinipiga miezi mitano ili nikubali uongo mmoja, na sikukubali. Wewe unataka nikubali wako kwa kubembelezwa. Wao walikuwa adui; sikutegemea wema kwao, na kwa hiyo hawakuniumiza kama wewe. Usiku na mchana nilijiambia, “Wilbert yupo, hatamwacha Klaudia akate tamaa.”

Nilikuomba ufukue mbele ya majirani kwa sababu wao ndio walioniaga. Ukafukua wakiwa gulioni.

Nakala za barua zetu zote, pamoja na hii, nimezituma kwa katekista wa kigango chenu. Amekubali kuzisoma Jumapili ya tarehe 16, baada ya matangazo. Nitakuwa benchi la mwisho. Usigeuke kunitazama mpaka amalize.

Joackim Rugambwa