Aliyeuza Asali Yangu kwa Picha

Kaliua

Dada yangu Perpetua,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na mama, anakula vizuri? Huku ni mvua na matope, ila mimi mzima, bado nauza asali.

Uliniuliza ile semina ya biashara ya mtandaoni imenifikisha wapi, simu ikakatika. Nakuandikia ili nimseme yule mkufunzi vizuri bila kukatizwa.

Alishuka kwenye treni na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, dada, kwenye matope haya! Akatukusanya wafanyabiashara wadogo ukumbini, akasema kinachotukwamisha ni woga. Mama ntilie jirani yangu akamwambia bando linaisha kabla picha haijapanda. Mimi nikauliza chupa itafikaje Dodoma bila kuvunjika, na mtu asiyenijua ataniamini vipi. Akacheka.

"Mama zangu, badilisheni fikra kwanza."

Fikra! Mtu hajui hata nyuki anaingilia wapi kwenye mzinga.

Hata hivyo nilifungua ukurasa. Akaja kibandani, akapiga picha chupa zangu, eti anisaidie kunitangaza. Nami mjinga nikamkaribisha chai.

Wiki tatu baadaye, binti wa shangazi aliye Mwanza akanitumia picha: chupa zangu, meza yangu, mpaka kanga niliyotandika, zote kwenye ukurasa wa yule bwana. Ameandika, "Asali yangu halisi kutoka Tabora." Namba ya simu ni yake. Chini watu wanalalamika wameletewa maji ya sukari.

Nikampigia.

"Mama, nilikuwa nakutangaza."

"Kwa namba yako?"

"Hiyo ndiyo biashara ya kidijitali. Wewe huwezi kuielewa."

Akakata. Mtu mzima, tai shingoni, anaiba picha ya meza!

Nililia, sikufichi. Mteja wangu wa Tabora mjini aliitambua ile kanga, akaacha kuagiza. Jina langu lilikuwa linaoza kwa uchafu wa mtu mwingine. Basi nikaenda porini kwa mzee anayenirinia asali. Yeye akarina, mimi nikarekodi kwa simu, nikataja jina langu na kibanda changu, nikasema asali yangu haiuzwi na mtu mwingine yeyote. Nikaipandisha video hiyo kwenye ukurasa wangu.

Siku mbili kimya. Kisha mama mmoja wa Songea akapiga simu ya video, akataka nionje mbele yake. Nikaonja. Akaagiza moja tu, ya kujaribu. Niliachana na chupa za kioo, nikaweka kwenye dumu dogo, nikalizungushia matambara, nikamkabidhi kondakta wa basi.

Juzi akapiga. Nikajua imemwagika. Akanisalimia kwa lugha ya kwetu, "Mwangaluka."

Kumbe ni mzaliwa wa Urambo! Tangu aolewe Songea hajaonja asali ya kwetu. Alipoilamba kidoleni, anasema, alikaa chini jikoni. Tukaongea Kinyamwezi mpaka salio lake likaisha. Sasa anataka madumu manne, yeye na jirani zake.

Na yule bwana? Nasikia yuko mkoa mwingine, anafundisha namna ya kujenga uaminifu kwa wateja. Wanasemina wa huko wafiche meza zao.

Msalimie shemeji, mbusu mama, na mwambie mama mdogo anayelima mpunga kwamba namkumbuka.

Mdogo wako anayekupenda,
Agnesi