Zima Kompyuta, Mwakio, Ugonge kwa Mkono Wako

Mwakio, mtoto wa tumbo langu,

Kalamu anashika dadako Wakesho, lakini maneno ni yangu, na nimemwonya asiyalainishe. Nikisema mjinga, aandike mjinga. Bahasha asiibandike mpaka Kombo aisome, maana nimemtaja humu, na si kwa sifa tupu. Ikifika huko Ujerumani msomee mkeo na wajukuu wangu. Mimi sina la kuficha. Wa kuficha ni wewe.

Unaikumbuka nyumba yetu ya reli pale Voi, chumba kimoja na jikoni kwa nyuma, treni ikipita vikombe vinacheza? Babako alikuwa karani wa telegrafu stesheni. Mchana kutwa anasikiliza chuma kikigonga, anaandika: treni imetoka Maungu, treni imefika Mwatate. Akirudi nyumbani vidole havitulii. Anagonga meza kwa Morse, ile lugha ya milio ya telegrafu, akingoja chai. Nawe, meno ya utoto hayajakutoka, ukaanza kumjibu kwa kijiko. Nikadhani mmerukwa na akili wote wawili.

"Mnasemezana nini?" nikauliza.

"Mwanao anasema ana njaa," akasema babako.

"Hilo halitaki Morse. Ana njaa tangu azaliwe."

Nami nikawa na pigo langu moja. Ugali ukiiva napiga sufuria kwa mwiko mara mbili, ko, ko. Popote ulipo, hata kule kwenye mabehewa mabovu nilikokukataza, unakuja mbio na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Shule sikuingia hata mlangoni, lakini neno hilo moja ulilielewa kila siku. Na ukifika, ukinyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani, mwiko huo huo unakugusa vidole. "Huo si mkono wa chakula." Unacheka, unabadilisha, kesho unarudia.

Babako alipostaafu, yeye na Kombo mwenzake wa stesheni waliomba leseni, wakafunga redio nyumbani kwa Kombo, wakavuta waya mpaka kwenye mwarobaini wa nyuma. Chifu akaja kuuliza kama waya ule unaita radi. Ndovu mmoja akaupitia akaondoka nao mpaka kwenye mkonge. Wao wakavuta mwingine. Redio yenyewe haikuwa na sauti ya mtu, ni milio tu, na wenzao walikuwa wametapakaa duniani, wazee kama wao, wanaogonga kwa kupenda, bila mshahara. Nikasema huu ni mchezo wa wanaume waliokosa kazi. Nilisema hivyo mpaka ulipokwenda Ujerumani kufanya kazi ya kiwandani, ukapata leseni ya huko, na Jumamosi moja alasiri Kombo akanivutia kiti.

"Shemeji, kaa hapa. Huyu ni Mwakio."

Herufi sikuzijua, na sizijui mpaka leo. Lakini nilijua ni wewe. Unagonga kama unavyotembea: haraka, haraka, halafu unaburuta. Na kila ukimaliza unaniita *mao*, mama, kwa Kidawida chetu, na ule mlio wa mwisho wa *mao* unauvuta mrefu kama mtu asiyetaka kufunga mlango. Huo ndio niliokuwa nikiungojea. Mengine yote, baridi ya huko na bei ya viatu, alikuwa akinisomea babako.

Babako tukamzika kule Mbololo, uliona mwenyewe. Kombo akabaki na redio, na masikio yake yakaanza kufa. Ulipokuja likizo ukamkuta amebana spika kwenye sikio kama anainong'oneza, ukamhurumia. Safari iliyofuata ukaja na kompyuta.

Nakuona ulivyokuwa umepiga magoti kwenye zulia la Kombo, ukiunganisha nyaya. Kitu chenyewe kama taipureta iliyokatwa kichwa. Ukakifunga kwenye televisheni yake, ukatia kaseti, kaseti ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kisha ukainuka, unang'aa.

"Imeshasoma," ukasema.

"Imesoma shule gani?"

Kombo akacheka mpaka kofia ikaanguka. Ukatueleza polepole, kwa heshima, sikatai. Milio ikiingia kutoka kwenye redio, ile programu ya kwenye kaseti inaigeuza kuwa herufi, zinapita kwenye kioo, Kombo anasoma kwa macho. Na mtu akitaka kutuma, anaandika tu kwa vidole, kompyuta inagonga Morse yenyewe. "Hata mkono hauchoki, mao," ukasema. Nikakuuliza mkono wa nani uliwahi kukulalamikia. Hapo ndipo niliponuna.

Lakini mwanzoni nilivumilia. Kombo alisoma kwenye kioo, nami niligeuzia televisheni mgongo nikakusikiliza wewe, kwa sababu kule kwako bado ulikuwa ukigonga kwa mkono. Ikaja mvua ya vuli, na milio yako ikabadilika. Ikanyooka. Kila mmoja sawa na mwenziwe kama mistari ya mkonge shambani. Hakuna haraka, hakuna kuburuta. Mtu anayegonga hupumua, hukohoa, hukumbuka kitu akasita. Huyu hakusita. *Mao* naye akakatwa mwishoni, kwa makasi.

"Kombo, huyu si Mwakio."

"Ni Mwakio, shemeji. Jina lake hilo hapo kwenye kioo."

"Hata mimi ningejua kuandika ningeliandika hapo."

"Basi naye anatuma kwa kompyuta. Vijana hawa tabu hawaitaki."

"Kompyuta yake inagonga, kompyuta yako inasikiliza. Mashine mbili zinaongea, sisi watu wazima tumekaa kando tunakunywa chai. Mwanangu yuko wapi hapo katikati?"

Akajifanya hakusikia. Masikio yake humfaa sana akiulizwa jambo gumu.

Usinione nina wazimu. Siku zile nilikuwa nimetoka Taveta kununua ndizi, na kwenye treni nilikaa na mama mmoja wa Mata. Akanisimulia habari za jirani yake. Mwana wa jirani huyo alifia ng'ambo, na rafiki zake wakamwonea huruma yule mama, wakawa wanamtumia salamu kwa jina la marehemu. Salamu, na kitambaa cha gauni kila Krismasi. Yule mama alivaa zile gauni kanisani, anajisifu. Alikuja kujua siku sanduku la nguo za mwanawe lilipoletwa mlangoni. Ndizi zile sikuzila, Mwakio. Zilioza jikoni.

Tangu hapo kila Jumamosi nilijiuliza ni nani huyu anayeniita mao. Nikawashuku wote. Mke wa Kombo akinimiminia chai, naonja, najiuliza mbona leo sukari imezidi, wananihurumia nini? Wakesho akaniletea leso mpya bila sikukuu, nikamkazia macho mpaka akalia. (Andika, Wakesho, usiruke.) Mkeo pia nilimshuku, anisamehe, yeye ndiye aliye karibu na hiyo mashine yako.

Nikatega mtego. Nikamwambia Kombo akuulize, mbuzi wetu wa nyumba za reli alikula nini siku ile ya aibu. Kioo kikajibu mara moja: alikula bendera ya kijani ya stesheni, na treni ya Mombasa ikangoja mpaka ikatafutwa nyingine.

Kombo akapiga makofi. "Haya! Umeridhika sasa?"

"Sijaridhika. Mbuzi yule Voi nzima ilimjua. Kisa mtu anaweza kuambiwa na mwingine. Mkono hauambiwi."

"Shemeji, wewe ungekuwa polisi, jela zisingetosha."

Jumamosi iliyopita nilikwenda nimeshaamua. Nilikaa mbele ya redio, si mbele ya televisheni. Masikio ya Kombo yamekufa lakini mkono wake mzima, na kile chuma chake cha kugongea bado anakipangusa kila siku. Nikamwambia, "Mwambie azime kompyuta, agonge kwa mkono. Mamake anataka kumsikia." Akagonga.

Kioo kikajibu, Kombo akanisomea: "Mao, leo nimechoka. Wiki ijayo."

"Mwambie sikumzaa wiki ijayo."

"Na hilo nalo nitume?"

"Tuma."

Redio ikabaki na mvumo wake, kama mafuta yakiwa motoni hayajatiwa kitu. Mke wa Kombo akaacha kuosha vikombe. Nilikuwa nimeuma leso, na mbele ya macho yangu naliona lile sanduku la nguo mlangoni kwa jirani wa yule mama wa Mata. Nikasema moyoni, hayupo. Wanatafutana huko nani aje agonge.

Kisha mlio ukaja. Mmoja. Nikangoja. Mwingine, umepinda. Mitatu imekanyagana, kimya, mwingine. Nikageuka kuitazama televisheni, kwa mara ya kwanza nikitaka inisaidie, na hiyo kompyuta yako yenye kusoma kila kitu ikatapika herufi ovyo kwenye kioo, kama mahindi yaliyomwagiwa kuku. Neno hata moja hakuna.

"Mashine imeshindwa," Kombo akasema. "Huyu hajui kugonga. Huyu ni mtu anayejifunza."

Mgeni, nikasema. Wamemkalisha mgeni.

Ndipo ukafika mwisho, ukaniita. *Mao* ile iliyumba kama mtoto anayeachia ukuta kwa mara ya kwanza. Lakini ule mlio wa mwisho uliuvuta. Uliuvuta, Mwakio, ukauvuta, hutaki kufunga mlango. Nikainuka, kiti kikaanguka.

"Ni yeye! Kombo, ni yeye! Muulize ana nini!"

Kombo akagonga: rudia polepole, neno moja moja. Akaweka vidole vyake juu ya spika, akafumba macho, akawa anausoma ule mtetemo kama kipofu anayeshika uso wa mtu. Neno likimponyoka anakuomba tena. Uliyarudia yote bila kuchoka, na yeye akanipa moja moja: mkono wa kulia, mashine ya kiwandani, vidole havikubaki vyote, huu ni wa kushoto, sikutaka mao ajue.

Mjinga wewe. Hapo, Wakesho, hapo ndipo pa kuandika mjinga, na uandike kwa herufi kubwa. MJINGA. Mimi nilikuwa nimeshakuzika! Unanificha mkono, nami huku nazika mwili mzima. Ulidhani vidole vikipungua nitakupenda kwa kipimo?

Na jambo la pili unalijua, umezaliwa Taita. Hasira ya mama ikikaa kifuani humpata mtoto popote alipo, hata kama mama hakutamka neno. Nami tangu vuli nilikuwa nimeiweka kifuani, namkasirikia huyo anayejiita wewe, na kumbe ni wewe kweli, umelala na bandeji. Kanisani waseme watakavyo. Nilichukua kikombe cha maji cha Kombo, nikapiga funda, nikakutasa pale pale, kama mamangu alivyotutasa sisi: nikayapuliza maji yote kuelekea kwenye ile redio. Nikasema, "Hasira yangu iondoke na maji haya. Mwakio awe mzima. Mkono wake upoe."

Kombo akaruka kama kijana. "Shemeji! Umeme! Utatuua sote!"

Redio haikudhurika. Kompyuta ililowa. Kombo aliianika juani kama mhogo, na sasa inafanya kazi tena, kwa bahati mbaya.

Haya, sikiliza. Kompyuta sikukatazi. Habari za daktari, za kazi, za watoto, andika kwa hiyo mashine, kioo kimwandikie Kombo, naye anisomee. Nimeona inavyomsaidia, ingawa siiamini na sitaiamini. Nitaendelea kuipa mgongo. Lakini ukifika pa kuniita, izime. Hapo ugonge mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, hata ukipotea njia, hata kioo kikitapika. Mimi nitangoja mwisho wake. Mkono huo niliugusa kwa mwiko mara nyingi. Leo ndio mkono wa chakula, ndio mkono wa salamu, na atakayekuangalia vibaya ukiunyoosha mezani, mwiko ninao bado.

Na usinifiche tena. Nimechoka kuonja sukari ya watu.

Jumamosi hii nitakuwa kwa Kombo mapema. Nimeshamwambia kwamba baada yako nitagonga mimi. Akanicheka, akasema sijui hata herufi moja. Nikamwambia aniachie chuma chake tu. Nitakibonyeza mara mbili, ko, ko. Kompyuta yako huko haitajua ni nini. Wewe utajua. Ugali umeiva, Mwakio. Njoo nyumbani.

Ni mimi mao, niliyekuzaa na mikono miwili na ninayekutaka hata ukija na mmoja.